Kiganja Kilichovuka Bahari: Historia ya Pigo la Kupasua na Watu Waliolibeba

 Zamu ya makala ya historia imeniangukia mimi. Nimeamua kujibu swali ambalo vijana wa mazoezi ya jioni wananiuliza kila wiki: lile pigo la kiganja la Wachina, lile ambalo mzee mwenye ndevu nyeupe anasukuma tu mkono na adui anaruka mpaka ukutani, je, lipo kweli? Na mtu anajifunzaje?

Jibu fupi ni hili: pigo lipo, kuruka mpaka ukutani hakupo. Jibu refu ni historia, na kadiri nilivyoisoma ndivyo nilivyozidi kuwakuta humo watu kama sisi. Wakulima waliofiwa, mafundi wa mtaani, watu waliovuka bahari na begi moja. Kwa hiyo msishangae nikichelewa kufika kwenye kiganja chenyewe.

Tuanze na hilo neno "ndani". Wachina wana michezo mingi sana ya kupigana, na mitatu kati yake watu wanaiita ya ndani: Taiji, Xingyi na Bagua. Vijana wakisikia "ndani" wanadhani ni uchawi, kitu kinakaa tumboni kinasubiri kulipuka. Neno lenyewe ni la zamani. Mwaka 1669 msomi mmoja, Huang Zongxi, aliandika maneno ya kaburi la mpiganaji aliyeitwa Wang Zhengnan. Humo akatenganisha njia ya "ndani" na njia ya "nje", ile ya hekalu la Shaolin. Sasa angalia mwaka. China ilikuwa imeshatekwa na Wamanchu kutoka kaskazini, na Huang alikuwa mtu wa utawala ulioanguka, aliyekataa kata kata kuwatumikia watawala wapya. Dini ya Shaolin, yaani ya Buddha, ilikuja China kutoka nje, na Wamanchu nao walitoka nje. Kwa hiyo wapo wanahistoria wanaosoma maandishi yale kama siasa iliyofunikwa: ndani ni sisi wenyeji, nje ni wao waliotukalia. Mtu ambaye hawezi kusema wazi anasemea kaburini. Wazee wetu wengi hapa wanajua mbinu hiyo vizuri, hawahitaji kufundishwa na Huang.

Baadaye neno lilibadilika maana. Walimu wa miaka ya 1800 na 1900 walipolitumia walikuwa wanasema juu ya namna ya kutoa nguvu. Mtu wa nje, kwa maneno yao, anategemea msuli wa mkono. Mtu wa ndani anaunganisha mwili mzima, kuanzia kisigino mpaka kiganja, na anatanguliza akili kabla ya msuli. Hapo hakuna uchawi wowote. Ni kazi ngumu tu, tena inachosha.

Kiganja ninachotaka kukielezea kinatoka Xingyi. Mchezo huu una mapigo matano ya msingi, na kila moja limepewa kitu chake cha asili: chuma, maji, mti, moto na udongo. La kwanza kabisa kufundishwa linaitwa pi, maana yake kupasua, na kitu chake ni chuma. Mfano wake ni shoka linaloshuka kwenye kuni. Ukiwa umewahi kupasua kuni, na nani hapa hajapasua, basi nusu ya somo unalo tayari. Mtu asiyejua anapasua kwa mikono, baada ya vipande kumi analalamika mabega. Mama aliyezoea anainua shoka bila haraka, na linaposhuka kiuno kinashuka nalo, magoti yanalegea kidogo, uzito wote unaingia kwenye makali. Pi ni hivyohivyo, ila makali ni kiganja na kuni ni mtu anayekuja kwako.

Kwa nini kiganja na si ngumi? Hapa hata watu wa zahanati watakubaliana nami. Ngumi ina mifupa midogo midogo, na ule wa upande wa kidole kidogo huvunjika kirahisi ukigonga kichwa cha mtu. Kitako cha kiganja kiko karibu na mifupa ya mkono wa chini, nguvu inapita moja kwa moja. Lakini kiganja nacho kina hatari zake: ukiangukia mkono vibaya au ukipiga kitu kigumu na kifundo kimelegea, kuna mfupa mdogo chini ya kidole gumba ambao ukipasuka unapona polepole mno. Ndiyo maana ninawakataza wadogo kupiga matofali. Ipo picha moja maarufu ya Gu Ruzhang, anavunja mrundo wa matofali kwa kiganja, na vijana wanaitumiana kwenye simu kama ushahidi. Sawa, lakini Gu alikuwa mtu wa Shaolin ya Kaskazini, mazoezi yake ni mengine na yalichukua miaka. Na tofali letu la tope ukilivunja haujathibitisha kitu, hata mvua inalivunja.

Sasa waliolifundisha. Xingyi ilikulia mikoa ya Shanxi na Hebei, kaskazini mwa China. Wanaipenda hadithi kwamba ilibuniwa na jenerali Yue Fei wa miaka ya 1100, ila anayeonekana wazi zaidi kwenye historia ni Ji Jike wa Shanxi, miaka ya 1600, bingwa wa mkuki. Ukitazama Xingyi utaona mkuki umo bado: wanakwenda mbele mstari ulionyooka, mkono mmoja mbele mmoja nyuma, kana kwamba mti wa mkuki upo. Karne ya 19 Li Luoneng, mtu wa Hebei, alikwenda Shanxi kujifunza kwa familia ya Dai, na kutoka kwake likatokea kundi kubwa la wanafunzi. Wengi wa watu hawa kazi yao ilikuwa kulinda misafara ya wafanyabiashara barabarani. Yaani walikuwa walinzi. Hawakuwa watawa wa mlimani kama kwenye video, walikuwa watu wa mshahara, wanalala kwenye nyumba za wageni, wanaogopa majambazi kama dereva yeyote wa lori anavyoogopa leo.

Mmoja wao, Guo Yunshen, anasimuliwa kwamba aliua mtu na akafungwa, na kwa sababu alifungwa minyororo akawa anaweza kupiga hatua nusu tu, akafanya mazoezi ya hatua nusu mpaka alipotoka hakuna aliyemweza. Kama ni kweli au ni hadithi ya jioni, sijali sana. Ninaipenda kwa sababu inajibu malalamiko ya "hatuna nafasi ya mazoezi". Xingyi inahitaji nafasi ya mlango na kitanda.

Mwanafunzi wa Guo aliyenivutia kuliko wote ni Sun Lutang. Alizaliwa mwaka 1860 Hebei, kwenye familia ya wakulima maskini, baba akafa yeye bado mtoto. Inasimuliwa kwamba umaskini ulimbana mpaka akajaribu kujinyonga, wapita njia wakamkata kamba. Naandika hili waziwazi kwa sababu tunajua hapa kwetu limetokea, na kuna wasomaji ambao wiki hii wanalifikiria. Kama ni wewe, tafuta mtu usiku huuhuu, mimi nikiwemo. Sun alikwenda mji wa Baoding kufanya kazi kwenye duka la brashi za kuandikia, na huko akapata mwalimu wa Xingyi, Li Kuiyuan, ambaye baadaye alimpeleka kwa mwalimu wake mwenyewe, Guo.

Halafu Sun akaenda Beijing kwa Cheng Tinghua kujifunza Bagua, mchezo wa kiganja hasa. Bagua ilianza kujulikana Beijing kupitia Dong Haichuan, aliyefariki mwaka 1882 baada ya kutumikia nyumba ya mwana wa mfalme mmoja. Watu wa Bagua wanatembea kwenye duara, saa nzima duara, viganja vimefunguliwa, halafu wanageuka ghafla na kubadilisha mkono. Nilichokipenda kwa Dong ni kwamba wanafunzi wake wengi walimjia wakiwa tayari na ujuzi wao, naye hakuwaambia wausahau. Cheng alikuwa mtu wa mieleka, na Bagua yake imejaa mieleka mpaka leo. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuuza miwani, mtaani walimwita Cheng wa Miwani. Bingwa mkubwa wa Beijing, fundi wa miwani! Mnaofungua vibanda vya kuchaji simu msijidharau.

Haya, kiganja chenyewe. Nitaeleza kama kinavyofundishwa kwenye njia ya Sun, kwa ufupi kadiri niwezavyo.

Hauanzi na kupiga. Unaanza na kusimama. Mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, uzito mwingi uko nyuma, magoti yamekunjwa kidogo. Mkono wa kushoto umenyoshwa mbele, lakini haukunyooka kabisa, kiganja kimefunguliwa kwenye usawa wa kifua au juu kidogo. Mkono wa kulia uko karibu na kitovu. Mabega yashuke, viwiko vishuke, kichwa kipande juu kama mtu aliyebeba ndoo. Ncha ya pua, ncha ya vidole vya mbele na ncha ya mguu wa mbele ziwe kwenye mstari mmoja. Msimamo huu wanauita santi, miili mitatu, kwa maana ya mbingu, dunia na mtu. Basi, unasimama. Dakika moja ni rahisi. Ya tatu paja linatetemeka. Ya tano unaanza kuchukia aliyeleta wazo hili. Walimu wa zamani walimwacha mwanafunzi hapo miezi, wengine zaidi, kabla ya kumwonyesha kitu kingine.

Wengi wetu hukimbilia hapa na kusema ni upotezaji wa muda. Mimi naona sababu ni mbili. Ya kwanza ni ya mwili: mguu wa nyuma ndio unaosukuma, na mguu usiojua kubeba hauwezi kusukuma. Ya pili ni ya mwalimu: anataka kujua nani atabaki. Mlinzi wa msafara anayekata tamaa dakika ya tano ni hasara kwa wote.

Ukishasimama, ndipo pi. Mkono wa mbele unafungwa ngumi na kurudi kwenye kitovu, halafu unapanda kupitia kifuani na kutoka mbele ya mdomo, unajipinda kama skrubu mpaka kidole kidogo kinatazama juu. Huo ni mlango: kama mtu amekupiga, umemkatiza njiani. Mguu wa mbele unapiga hatua ndogo. Kisha mkono wa nyuma unapanda kufuata njia ileile, unapita juu ya mkono wa kwanza, na mguu wa nyuma unapoingia mbele mikono inabadilishana: huu unafunguka kiganja na kushuka mbele, ule unavutwa kurudi kitovuni. Mguu uliobaki nyuma unajivuta nusu hatua. Mkono na mguu vifike pamoja. Si mguu halafu mkono, si mkono halafu mguu. Pamoja! Ukisikia sauti mbili, umekosea. Ikisikika moja, umeanza kujua.

Wana kanuni yao hapa, ya miungano sita. Mitatu inaonekana: mkono na mguu, kiwiko na goti, bega na nyonga. Mitatu haionekani: moyo na nia, nia na pumzi, pumzi na nguvu. Ile ya kwanza unaweza kuikagua kwa macho, mwambie mwenzako asimame pembeni akutazame. Ile ya pili, yeyote atakayekuambia anaiona kwako siku ya kwanza anataka hela zako.

Guo, kwa jinsi Sun alivyomwandika, alisema nguvu ina ngazi tatu. Kwanza nguvu ya wazi, kila mtu anaiona, hatua zinagonga chini, mwili mgumu lakini uliopangwa. Pili nguvu iliyofichwa, laini, nje haionekani sana. Tatu nguvu iliyoyeyuka, ambapo mtu hafikirii tena. Kila ngazi inataka ile iliyotangulia. Vijana wa siku hizi, wa China kama wa hapa, wanapenda kuanzia ya tatu. Mwezi wa nne mwaka 2017, mjini Chengdu, mpiganaji wa kisasa Xu Xiaodong alikabiliana na mtu wa Taiji aliyejiita bingwa, Wei Lei. Haikufika hata nusu dakika, bingwa yuko chini. China nzima ilipiga kelele. Mimi sioni kama Taiji ilishindwa siku ile. Alishindwa mtu ambaye hakuwa amezoea kupigwa usoni na mtu anayemaanisha. Bila mwenzako wa kukusukuma, kukukamata na kukupinga kweli, pi inabaki ngoma. Ngoma nzuri, ila ngoma.

Sasa nifike mwaka 1900, na hapa niombe mnisome polepole.

Kaskazini mwa China kulikuwa na njaa na ukame, wageni walikuwa wamejaa na reli zao, makanisa yao na mikataba ya kulazimisha. Vijana wa vijijini wakaungana kwenye kundi la Yihetuan, wale ambao Wazungu waliwaita mabondia. Walifanya mazoezi ya viungo pamoja na matambiko, na waliamini kwamba miungu ikiwapanda risasi haziwaingii. Majeshi ya mataifa manane, yakiwemo ya Japani, Urusi, Uingereza, Marekani na Ujerumani, yakaingia Beijing mwezi wa nane. Risasi ziliwaingia. Na baada ya ushindi wanajeshi walipora mji na kuua. Cheng wa Miwani alikufa katika siku hizo, na kwa masimulizi ya wanafunzi wake aliuawa kwa risasi na askari wa Ujerumani. Bingwa wa viganja vya Beijing, mtu aliyekuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, mbele ya bunduki.

Miaka mitano baadaye, Ujerumani hiyohiyo, huku kwetu. Julai 1905, milima ya Matumbi, kusini mwa Tanzania ya leo. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu maji na kuwaambia risasi za Wajerumani zitageuka maji. Alinyongwa mwezi wa nane mwaka huohuo, vita ikaendelea mpaka 1907, na waliokufa kwa bunduki na hasa kwa njaa ni makumi ya maelfu, wengine wanahesabu hata laki tatu. Mwaka 1964 kwetu Kongo, Simba walipigana wakiita mai Mulele. Na sihitaji kuwaeleza watu wa Kivu neno Mai-Mai limetoka wapi. Wapo kwenye kundi hili ambao kaka zao walinyunyiziwa.

Siwacheki watu wale, wa China wala wa kwetu. Mtu aliyenyang'anywa shamba, anayepambana na bunduki akiwa na mkuki, anahitaji kitu cha kumfanya atoke nyumbani asubuhi. Ninachokataa ni wale wanaokiuza kitu hicho kwa watoto huku wenyewe wamesimama nyuma. Na nimesikia kijana wa miaka kumi na tano, hapahapa, akimwambia mwenzake kwamba akijifunza "nguvu ya ndani" vizuri atarudi kijijini na hakuna silaha itakayomgusa. Ndiyo maana hasa nimeandika makala haya. Kijana huyo namjibu kwa jina moja: Cheng Tinghua. Alikuwa nayo, hiyo ya ndani, kuliko utakavyoipata wewe na mimi tukiunganishwa. Risasi haikumuuliza.

Sun Lutang alibaki hai, na alifanya jambo ambalo wapiganaji wachache walilifanya kabla yake: aliandika. Mwaka 1915 alitoa kitabu cha Xingyi, 1916 cha Bagua, baadaye cha Taiji, vikiwa na picha zake mwenyewe akionyesha kila msimamo. Fikiria wakati wake. Bunduki na treni zilikuwa zimeua kazi ya kulinda misafara. Nani atamlipa mlinzi mwenye mkuki mzigo ukisafiri kwa reli? Ujuzi wa kupigana ulikuwa unakosa kazi, kwa hiyo akauelekeza kwenye afya, tabia na elimu, na akafungua mlango kwa mtu wa kawaida mwenye senti za kununua kitabu. Mwaka 1928 serikali ilifungua chuo cha michezo ya kupigana Nanjing, naye akaitwa kuongoza upande wa ndani. Alifariki 1933. Binti yake Sun Jianyun aliendelea kufundisha Beijing, akapitia vita na Mapinduzi ya Utamaduni, mpaka alipofariki 2003. Dada zangu mnaoambiwa huu ni mchezo wa wanaume, kaeni na jina hilo.

Vita ya Wajapani kuanzia 1937, halafu vita ya Wachina wenyewe kwa wenyewe mpaka 1949, ilimwaga watu nje. Zaidi ya milioni moja walivuka kwenda Taiwan. Kati yao alikuwemo Wang Shujin wa Tianjin, fundi seremala aliyejifunza Xingyi na Bagua kwa Zhang Zhaodong. Alikaa Taichung, akafundisha, na mwisho wa miaka ya 1950 akaenda kufundisha Japani. Alikuwa mnene sana, wageni walikuja kumjaribu kwa kumpiga ngumi ya tumbo na kuondoka wameshika mkono wao. Wengi wa wazungu waliojifunza Bagua miaka ile waliipata kwa watu wa aina yake, yaani watu waliokimbia. Bila vita ile labda kiganja hiki kingebaki Hebei na Beijing.

Wengine walikwenda Hong Kong, iliyokuwa chini ya Uingereza. Mwaka 1945 mji ulikuwa na watu kama 600,000, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wamepita milioni mbili. Walilala wapi? Milimani, kwenye vibanda vya mbao, mabati na makaratasi, kimoja kimeegemea kingine. Usiku wa Krismasi, 25 Desemba 1953, sehemu inayoitwa Shek Kip Mei ikashika moto. Asubuhi watu zaidi ya 50,000 hawana kitu. Aliyewahi kuona zoni moja ya nyasi na turubai ikiungua anajua sauti yake, sitaielezea.

Wakati huohuo walimu wawili walikuwa wanabishana magazetini nani zaidi. Wu Gongyi, mwalimu wa Taiji aliyetoka Shanghai, amevuka miaka hamsini, na Chen Kefu, kijana zaidi, wa mtindo wa Korongo Mweupe. Ubishi ukageuzwa pambano la hisani, na sehemu ya mapato ikaenda kwa waliounguliwa Shek Kip Mei. Hong Kong haikuruhusu mapigano ya namna hiyo, wakaenda Macau, 17 Januari 1954. Filamu ya pambano lile ipo mtandaoni, tafuteni mtu mwenye bando. Hakuna anayeruka, hakuna moshi. Ni wanaume wawili wanarushiana mikono bila mpangilio mzuri, Chen anatoka damu puani, raundi ya pili waamuzi wanasimamisha na kutangaza kwamba hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeshindwa, na si sare. Hukumu ya kidiplomasia kweli, hata mikutano yetu ya zoni haijafikia hapo.

Lakini mji mzima ulikuwa umesisimka. Siku tatu baada ya pambano gazeti moja la jioni likaanza kuchapisha hadithi ya mabingwa wa kupigana, sehemu kwa sehemu, ya Liang Yusheng. Mwaka uliofuata mwenzake wa gazeti, Jin Yong, akaanza za kwake. Jin Yong naye alitoka bara, alifika Hong Kong mwaka 1948. Katika hadithi zake yumo shujaa mwenye viganja kumi na vinane vya kushinda joka. Wasomaji waliokuwa wamejaa kwenye vyumba vya mita chache, watu waliopoteza nchi, walimsoma kila siku mtu mwenye mikono mitupu anayesukuma jeshi kwa kiganja. Mwaka 1964 zikaja filamu za Kiganja cha Buddha, ambazo miale inayotoka mkononi ilichorwa juu ya filamu. Stephen Chow aliirudisha kwenye Kung Fu Hustle mwaka 2004, na hiyo wengi wenu mmeiona, kwenye kibanda cha video, sauti ya mtafsiri ikifunika ya kwao.

Kwa hiyo yule mzee wa ndevu nyeupe ametufikia kwa njia hiyo. Chini kabisa ni wakulima wa Hebei, wamesimama kwenye santi mpaka mapaja yatetemeke. Juu yao ni wakimbizi waliounguliwa, na magazeti, na filamu, na DJ, na sisi tumekaa kwenye benchi tunalipa kiingilio. Serikali ya Hong Kong baada ya moto ilijenga majengo ya ghorofa palepale kuwahamishia watu, chumba kimoja kwa familia nzima, choo na bomba la pamoja. Jengo moja la mwanzo, Mei Ho House, limehifadhiwa, na sasa ni hosteli ya vijana.

Mazoezi yetu ni Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni, nyuma ya shule, pale kwenye mti. Dada wana zamu yao Jumamosi asubuhi. Tutasimama dakika tatu kila mguu, halafu pi kwenda na kurudi mara kumi, halafu wawili wawili kusukumana. Njooni na chupa ya maji na viatu vilivyofungwa, ndara zinateleza. Matofali yaacheni nyumbani.